Saratani iliyofuata neva: ganzi ya shavu iliyotibiwa kama kupooza kwa Bell

## Usuli wa mgonjwa

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka sitini na kitu, ambaye kazi yake ilimweka juani kwa miongo mingi. Jina, mahali, tarehe na kila kinachoweza kumtambulisha vimeondolewa. Miezi inayotajwa inahesabiwa kuanzia upasuaji wa kwanza.

Upasuaji huo uliondoa kidonda cha shavu la kulia, chini kidogo ya jicho, chenye upana wa sentimita 2.3. Kilikatwa pamoja na milimita 4 za ngozi iliyoonekana nzima pande zote. Ripoti ya patholojia ilisema ni saratani ya skwamasi ya ngozi, yaani inayoanzia kwenye seli bapa za tabaka la juu, daraja la kati, kina cha milimita 5, kingo safi. Kuhusu neva haikusema kitu: haikuandika kwamba zilitazamwa zikakutwa salama, wala kwamba zilikuwa na saratani. Kwa kuwa kingo zilikuwa safi, mgonjwa hakupewa mionzi. Aliambiwa arudi akiona kidonda kimeota tena.

Hakikuota. Hadi mwisho wa kisa hiki ngozi ya shavu ilibaki laini bila uvimbe, na hilo ndilo lililowapoteza njia waliomwona katikati.

## Seli zinazoihudumia neva

Neva ya pembeni huonekana kwa macho kama uzi mweupe. Ndani yake, nyuzi zinazopitisha taarifa, yaani akzoni, huchukua sehemu tu ya nafasi. Pembeni mwake zipo seli za Schwann, zilizopewa jina la Theodor Schwann, mwanasayansi wa Ujerumani aliyezieleza mwaka 1839. Aina moja huizungushia akzoni nene tabaka juu ya tabaka za mailini, kila seli ikishika kipande kimoja tu cha urefu wake. Aina nyingine, seli za Remak, hukumbatia akzoni nyembamba kadhaa kwa pamoja bila kuzivika mailini. Vifungu vya nyuzi hizo hufunikwa na perinuriamu, ukuta mwembamba lakini mgumu kupenya, na nje kabisa huja epinuriamu.

Neva ikikatwa au ikibanwa, seli za Schwann hubadili kazi. Protini iitwayo c-Jun, mojawapo ya zile zinazowasha na kuzima jeni, huongezeka ndani ya viini vyake. Seli huacha kutengeneza mailini na kumeng'enya iliyokuwapo, huita seli za kinga ziitwazo makrofaji zije kuzoa mabaki, kisha hujipanga katika safu ndefu zinazoitwa safu za Büngner. Juu ya safu hizo akzoni mpya huota zikifuata njia ya zamani. Wakati huohuo seli hizo humwaga vichocheo vya ukuaji kama NGF, BDNF na GDNF. Huu ni mpango wa ukarabati, na ndio unaomrudishia hisia mtu aliyekatwa neva ya mkono. Seli ya saratani ikifika karibu inaukuta mpango huo tayari: vichocheo vipo, njia imenyooka, na ikishapenya perinuriamu haikutani tena na kizuizi chenye uzito hadi ndani ya fuvu.

Saratani inapopita ndani au kando ya neva kwa namna hii, ripoti huandika kwamba imevamia neva. Kigezo kinachotumiwa sana, kilichopendekezwa na Liebig na wenzake mwaka 2009, ni seli za saratani kuonekana ndani ya tabaka lolote kati ya matatu ya ala ya neva, au kuizunguka neva kwa angalau theluthi ya mzingo wake. Seli kuwa jirani tu na neva hakutoshi.

## Mfuatano wa matukio

Mwezi wa 8 mgonjwa alianza kuhisi kama sisimizi wanatambaa chini ya ngozi, kati ya kope la chini na ubavu wa pua. Aliambiwa ni kovu linapona.

Kufikia mwezi wa 11 mtambao ule ulikuwa umegeuka ganzi. Shavu, ubavu wa pua na nusu ya mdomo wa juu havikuhisi sawasawa, na fizi ya juu ya upande huo aliielezea kuwa "imekufa". Alipata pia maumivu ya kuchoma yaliyokuja na kuondoka. Jino moja la juu liling'olewa. Maumivu yakabaki vilevile.

Mwezi wa 14 kope la chini lililegea na jicho likaacha kufunga vizuri. Ndani ya wiki saba zilizofuata pembe ya mdomo nayo ilianza kushuka. Aligunduliwa kuwa na kupooza kwa Bell, yaani kupooza kwa ghafla kwa neva ya uso, akapewa prednisoloni miligramu 60 kwa siku kwa siku 5, kisha dozi ikapunguzwa hatua kwa hatua. Maumivu yalipungua kwa muda, jambo lililoonekana kuthibitisha utambuzi ule. Ukweli ni kwamba dawa hiyo hupunguza uvimbe kuzunguka neva iwe imevamiwa na saratani au la, kwa hiyo nafuu ya siku chache haithibitishi lolote.

Mwezi wa 17 uso ulikuwa haujarudi. Kipimo cha MRI ya ubongo kilifanywa kwa vipande vya unene wa milimita 5, bila kontrasti, yaani dawa ya kung'arisha picha. Jibu lilikuwa: ubongo wa kawaida. Jibu lilikuwa sahihi, ila ubongo haukuwa mahali pa kutafuta.

Mwezi wa 20 alipelekwa kwenye kliniki ya saratani za kichwa na shingo, na hapo uchunguzi wa mkono ulifanya kazi ambayo mashine ilikuwa haijafanya. Daktari aligusa uso kwa pamba, kisha kwa ncha ya kijiti kilichovunjwa, akilinganisha kulia na kushoto katika maeneo matatu ya neva ya tano ya kichwa, trijemini: paji la uso kwa tawi la V1, shavu na mdomo wa juu kwa V2, kidevu kwa V3. Paji na kidevu vilihisi. Eneo lote la V2 lilikuwa limekufa ganzi. Ncha ya pamba ilipogusa konea ya kulia, kioo cha mbele cha jicho, mgonjwa aliihisi na jicho la kushoto likapepesa haraka, huku la kulia likipepesa kwa ulegevu. Kwa maneno mengine V1 ilikuwa inapeleka taarifa, na neva ya saba, neva ya uso, ndiyo iliyoshindwa kutekeleza.

Kisha aliombwa akunje paji. Mikunjo ilitokea pande zote mbili, wa kulia kwa udhaifu kidogo. Kufunga jicho na kutabasamu ndiko kulikoshindikana. Hapa penye uso wa mgonjwa ndipo palikuwa na ushahidi mzito kuliko karatasi zote za faili. Kupooza kwa Bell huishika neva ya saba ndani ya mfereji wake wa mfupa, kabla haijagawanyika, kwa hiyo nusu nzima ya uso hulegea, paji likiwamo, na hufikia kilele ndani ya siku tatu. Huyu alikuwa amepoteza matawi ya jicho na shavu kwanza, moja baada ya jingine, kwa wiki nyingi. Kitu kilikuwa kinapanda kutoka pembeni kuelekea shina.

Neva mbili za kichwa, upande mmoja, zikifa kwa zamu, chini ya kovu la saratani ya ngozi: timu iliamua kuichukulia kuwa saratani ndani ya neva hadi ithibitike vinginevyo.

## Vipimo vitatu vilivyobadilisha utambuzi

Kwanza, vitalu vya nta vilivyohifadhi tishu ya upasuaji wa mwanzo viliombwa kutoka maabara ya awali na kukatwa upya. Vipande vilitiwa rangi mbili kwa pamoja: AE1/AE3 inayoonyesha keratini ya saratani, na S100 inayoonyesha seli za Schwann. Pembezoni mwa sehemu ya chini, ndani ya mafuta ya chini ya ngozi, ilionekana neva yenye kipenyo cha milimita 0.15, seli za saratani zikiwa ndani ya perinuriamu na zimeizunguka kwa karibu nusu. Katika rangi ya kawaida ya hematoksilini na eosini neva hiyo ilifanana na kijisehemu cha kovu chenye seli za uvimbe wa kinga, na ni rahisi kuipita. Anayetumia S100 akumbuke kwamba inapaka pia melanosaiti (seli za rangi ya ngozi), seli za mafuta na baadhi ya seli za kinga za ngozi, na kwamba neva iliyoharibiwa sana inaweza kufifia. SOX10 husaidia pale S100 inapotatiza, kwa kuwa rangi yake hukaa ndani ya kiini, ingawa melanosaiti nazo huishika.

Kipimo cha milimita 0.15 kina uzito. Katika toleo la 8 la mfumo wa AJCC, unaotumiwa kupanga hatua za saratani, kwa saratani ya skwamasi ya ngozi ya kichwa na shingo, neva iliyovamiwa yenye kipenyo cha milimita 0.1 au zaidi, au iliyo chini ya dermisi (tabaka la ndani la ngozi), inaipandisha saratani hadi T3, ngazi ya tatu kati ya nne za uvimbe. Neva ya mgonjwa huyu ilitimiza vigezo vyote viwili. Kama ingeonekana mwanzoni, mionzi baada ya upasuaji ingejadiliwa mwezi wa kwanza.

Pili, MRI ilirudiwa kwa maelekezo mapya: vipande vya milimita 1 hadi 3, kuanzia ngozi ya shavu hadi shina la ubongo, picha za T1 (aina moja ya picha za MRI) kabla ya kontrasti bila kuzima mng'ao wa mafuta, kisha T1 baada ya kontrasti ya gadolinia huku mng'ao wa mafuta umezimwa. Sababu ya jozi hiyo ni nyepesi. Kila tundu la fuvu ambamo neva hupita lina mafuta kidogo yanayong'aa meupe kwenye T1, na mafuta hayo yakitoweka, kuna kitu kimeyasukuma. Neva iliyovamiwa nayo huvimba na kung'aa baada ya gadolinia, lakini bila kuzima mafuta mng'ao huo humezwa na weupe wa jirani. Picha zilionyesha neva ya infraobita (tawi la V2 lipitalo chini ya jicho) imenenepa, mafuta ya shimo la pterigopalatini, nafasi ndogo nyuma ya taya la juu, yamepotea, na mng'ao ukikoma kwenye mlango wa nje wa tundu la rotundamu, ambamo V2 huingia ndani ya fuvu. Neva ya saba iling'aa ndani ya tezi ya parotidi, tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, hadi karibu na tundu la stailomastoidi, ambamo neva hiyo hutokea kwenye fuvu.

Tatu, kipande cha neva ya infraobita kilichukuliwa kupitia mkato ndani ya mdomo, juu ya fizi. Mwisho wa upande wa fuvu ulifungwa uzi ili maabara ijue mwelekeo, kipande kikanyooshwa juu ya karatasi ngumu kabla ya kutiwa formalini, na kikakatwa kimkingamo. Neva ikiachwa ijikunje yenyewe hukatwa kwa mshazari, na kundi dogo la seli lililo upande mmoja wa mzingo linakosekana kabisa. Jibu: saratani ya skwamasi ndani ya neva, karibu na mwisho wenye uzi.

Swali la jinsi neva mbili tofauti zilivyovamiwa lina jibu la anatomia. V3 hutoa tawi liitwalo orikulotemporali, linaloungana na neva ya saba ndani ya tezi ya parotidi, na matawi ya V2 hukutana na vijitawi vya neva ya saba chini ya ngozi ya shavu. Saratani haikuhitaji kuruka.

## Maamuzi na sababu zake

Kikao cha pamoja kilitumia mgawanyo wa kanda tatu. Kanda ya 1 inaishia kwenye matundu ya nje ya fuvu, kanda ya 2 hufika kwenye pango la Meckel (mfuko ndani ya fuvu wenye fundo la neva ya tano) kwa neva ya tano na mwisho wa mfereji wa ndani wa sikio kwa neva ya saba, na kanda ya 3 ni kila kilicho ndani zaidi. Mgonjwa alikuwa kwenye mpaka wa kanda ya 1 na ya 2. Katika kanda ya 3 upasuaji wa kutafuta kupona kwa kawaida hauna nafasi, lakini hapa nafasi ilikuwapo.

Njia ya mionzi pekee ilikataliwa kwa sababu ugonjwa ulionekana wazi kwenye picha, na ugonjwa unaoonekana ni mzigo mkubwa kwa mionzi kuliko chembe zisizoonekana. Dawa za kemo pamoja na mionzi nazo ziliachwa: jaribio la TROG 05.01, lililochapishwa mwaka 2018, halikupata faida ya kuongeza kaboplatini kwenye mionzi baada ya upasuaji wa saratani hizi za hatari kubwa.

Upasuaji uliondoa kovu hadi mfupani, sakafu ya mfereji wa infraobita, V2 yote kupitia shimo la pterigopalatini hadi tundu la rotundamu, tezi ya parotidi, na matawi ya neva ya saba hadi tundu la stailomastoidi. Ncha za neva zilipimwa mezani kwa vipande vilivyogandishwa. Ncha ya kwanza ya V2 ilikuwa na saratani, ya pili ilikuwa safi. Kope la juu liliwekewa kizito kidogo cha dhahabu ili lishuke lenyewe, na pembe ya mdomo ikaning'inizwa kwa utepe wa utando wa paja.

Uamuzi uliozua mabishano ulikuwa kutopandikiza neva kutoka mguuni. Upandikizaji huo hufaulu kwa sababu ya seli za Schwann zilizomo katika neva iliyohamishwa. Zinaingia katika hali ya ukarabati na kuwa reli kwa akzoni. Baadhi ya wajumbe hawakupenda kuweka reli mpya karibu na ncha ambayo saratani ilikuwa imetolewa muda mfupi uliopita. Kwa maoni yetu hofu hiyo peke yake isingetosha, kwani wapo wapasuaji wengi wanaopandikiza hata penye uvamizi wa neva na mionzi ikafuata. Kilichotosha kilikuwa ufupi wa kisiki kilichobaki kwenye tundu la stailomastoidi na miezi zaidi ya sita ambayo misuli ilikuwa imekaa bila neva.

Mionzi ilitolewa baada ya upasuaji: grei (Gy, kipimo cha dozi ya mionzi) 60 kwa mikupuo 30, mmoja kwa siku, siku tano kwa wiki. Ilianza wiki ya 8 kwa sababu kidonda cha ndani ya mdomo kilichelewa kufunga. Lengo lilikuwa wiki ya 6. Eneo lililopigwa lilijumuisha shavu, kitanda cha parotidi na njia ya neva ya saba ndani ya mfupa. Kwa V2, mpaka uliwekwa kwenye mlango wa ndani wa tundu la rotundamu. Sababu zilikuwa mbili: ncha ilikuwa imeonekana safi, na timu ilitaka kuilinda lobu ya temporali, sehemu ya ubongo iliyo ubavuni, pamoja na makutano ya neva za macho, ambayo kwa kawaida hayaruhusiwi kuvuka takriban Gy 54 hadi 55.

## Matokeo

Maumivu yaliisha ndani ya wiki chache. Hisia ya shavu haikurudi, na haikutarajiwa kurudi, kwa kuwa neva yenyewe ilikuwa imeondolewa. Konea ilibaki salama kwa matone ya machozi ya bandia mchana, malhamu usiku na kile kizito cha kope.

MRI zilifanywa kila baada ya miezi 3 hadi 4. Miezi 13 baada ya mionzi mgonjwa alisema kidevu chake cha kulia kimeanza kuhisi sisimizi. Picha ya wiki mbili baadaye ilionyesha mng'ao mpya ndani ya pango la Meckel, milimita chache nje ya mpaka wa mionzi. Saratani ilikuwa imepanda V2 hadi kwenye fundo la neva ya tano na kuanza kuishika V3.

Alianzishiwa cemiplimab, kingamwili inayozuia PD-1, breki ya seli za kinga, na iliyoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, Septemba 2018 kwa saratani ya skwamasi ya ngozi iliyosambaa au isiyoweza kuponywa kwa upasuaji wala mionzi. Dozi ni miligramu 350 kwa njia ya mshipa kila wiki 3. Baada ya dozi nne mng'ao ulipungua. Mwaka mmoja baadaye haukuwa umeongezeka. Tezi ya thairoidi ilipungukiwa nguvu kutokana na dawa, akaanza levothairoksini. Hakupata madhara mengine ya kusimamisha tiba. Ganzi ya kidevu ipo hadi leo, lakini misuli ya kutafuna ina nguvu.

## Uchambuzi: neva ilishiriki

Makosa mengi ya kisa hiki yana mzizi mmoja. Walioamua waliiona neva kama mfereji ambamo saratani inaweza kupenya, na hawakuiona kama tishu yenye seli zinazoisaidia kupenya. Tofauti hiyo inabadilisha mahali pa kutazama, kipimo cha kuagiza na mpaka wa kutibu, kwa hiyo inafaa kuieleza kwa urefu.

Mwaka 2016 Sylvie Deborde, Richard Wong na wenzao wa Memorial Sloan Kettering, New York, walionyesha jinsi seli za Schwann zinavyofanya zikigusana na seli za saratani. Hujipenyeza katikati ya kundi la seli hizo, kundi likavunjika, na seli moja moja zikaanza kutambaa kuelekea kwenye neva. Mguso huo hutegemea protini ya juu ya seli za Schwann iitwayo NCAM1. Panya wasio na NCAM1 walipata uvamizi mdogo wa neva na kupooza kidogo. Mwaka 2022 kundi hilohilo lilieleza kwamba seli za Schwann zilizobadilishwa na saratani hujipanga kuwa njia zinazojongea, seli za saratani zikipita juu yake, na kwamba c-Jun inahitajika ili njia hizo ziundwe. Ni protini ileile ya ukarabati wa jeraha.

Kabla ya hapo, mwaka 2014, Ihsan Ekin Demir na wenzake wa Munich walikuta seli za Schwann karibu na vidonda vya kongosho ambavyo vilikuwa bado havijawa saratani vamizi. Kumbe safari inaweza kuanzishwa na upande wa neva: seli zake zinahama kuifuata saratani kabla saratani haijaifuata neva. Vichocheo navyo vina sehemu yake. GDNF kutoka kwenye neva huwasha kipokezi cha RET kwenye seli za saratani, na GFRα1 inayomwagwa na neva huongeza nguvu ya ishara hiyo. Makrofaji pia hazikai pembeni. Kemikali ya CCL2 huziita seli za kinga kutoka kwenye damu hadi kwenye neva iliyovamiwa, nazo zikishafika hutoa kimeng'enya cha katepsini B kinachomeng'enya ukuta wa perinuriamu.

Sehemu kubwa ya ushahidi huu imetoka kwenye saratani ya kongosho, sahani za maabara na panya. Kuupeleka moja kwa moja kwenye shavu la mgonjwa huyu kunahitaji tahadhari, na hakuna dawa inayolenga seli za Schwann iliyo katika tiba ya kawaida leo. Hata hivyo, tabia iliyoonekana kwa mgonjwa inalingana nao mno: seli chache, zikitembea kwa safu nyembamba, bila kutengeneza uvimbe wa kushikika, zikifuata njia ya neva sentimita kadhaa mbali na kidonda.

Ulinganifu huo unaeleza pia ukimya wa mwanzo. Utafiti mwingine wa Munich, wa mwaka 2016, ulihusisha seli za Schwann zilizoamshwa na saratani ya kongosho na kupungua kwa maumivu, kwa kutuliza seli saidizi za uti wa mgongo. Anayesubiri maumivu makali ndipo aishuku neva anaweza kuwa anasubiri ishara ambayo seli hizohizo zinaichelewesha. Kwa huyu, mtambao wa sisimizi ulitangulia kupooza kwa miezi sita.

## Kilichofanya kazi, kilichoshindwa

Kilichookoa muda ni uchunguzi wa neva moja moja kwa pamba na kijiti. Ulichukua dakika chache na ukaelekeza kila kipimo kilichofuata. Kurudia vitalu vya zamani nako kulilipa, kwa sababu kuligeuza shaka kuwa ushahidi hata kabla ya kisu.

Ripoti ya kwanza ilishindwa kwa ukimya. Ripoti ya saratani ya skwamasi ya ngozi inapaswa kuandika neno moja kati ya mawili kuhusu uvamizi wa neva, upo au haupo, na ukiwapo itaje kipenyo cha neva kubwa kuliko zote zilizovamiwa pamoja na kina chake. Daktari anayepokea ripoti isiyo na mstari huo airudishe.

Utambuzi wa Bell ulishindwa mara mbili: siku ulipotolewa, kwa kuwa ganzi na mwendo wa polepole haviendani nao, na miezi mitatu baadaye, kwa kuwa uso usioanza kurudi ndani ya miezi hiyo lazima upigwe picha za neva. MRI iliyofanywa haikujibu swali kwa sababu swali halikuandikwa. Fomu ya kuomba kipimo ingesema hivi: "Saratani ya ngozi shavu la kulia, imeondolewa. Ganzi ya V2 na udhaifu unaoongezeka wa neva ya saba. Tafadhali fuata V2, V3 na neva ya saba kutoka ngozini hadi shina la ubongo, vipande vyembamba, T1 kabla na baada ya gadolinia, eleza mafuta ya kila tundu." Mpigapicha akipata sentensi hizo anajua aweke macho wapi.

Mpaka wa mionzi ndio ulioumiza zaidi, na ndio wenye utata wa kweli. Ncha safi ya kipande kilichogandishwa ni ushahidi wa milimita chache tu. Ripoti ya mwisho ya neva iliyoondolewa ilionyesha saratani milimita 4 kutoka kwenye ncha hiyo safi. Katika tishu nyingine umbali huo ungetuliza moyo. Ndani ya neva, ambamo seli za Schwann zinatengeneza njia mbele ya saratani, hautoshi. Ripoti hiyo ilikuwa mezani siku mpango wa mionzi ulipochorwa. Pango la Meckel lingeweza kuingizwa kwa dozi ya Gy 54, chini ya kikomo cha makutano ya neva za macho, na hivyo ndivyo kliniki ile inavyochora V2 sasa: fundo la neva linaingizwa kila uvamizi unapofika shimo la pterigopalatini, hata ncha ikiwa safi.

Mgonjwa alitibiwa kabla ya matokeo ya jaribio la C-POST kuchapishwa mwaka 2025, yaliyoonyesha kwamba cemiplimab baada ya upasuaji na mionzi hupunguza kurudi kwa saratani hizi zenye hatari kubwa. Mwenye picha kama yake leo anastahili kujadiliwa kwa dawa hiyo mara baada ya mionzi, kabla ya mng'ao mpya kuonekana.

Kwenye ufuatiliaji, ramani ya ganzi huchorwa kwa kalamu juu ya mchoro wa uso kila mgonjwa anapokuja, na mchoro wa leo huwekwa kando ya ule wa ziara iliyopita. Ganzi ikivuka mpaka wa tawi moja kwenda jingine, MRI inaombwa siku hiyohiyo, hata kama ya mwisho ilifanywa mwezi uliopita.